Taa Isiyopiga Hodi



Leo sina mshono mpya wa kuwaonyesha. Leo nina ugomvi. Mliokuja kutafuta shela na mabaibui mniwie radhi, yatarudi wiki ijayo in shaa Allah. Ugomvi wangu ni na taa. Zile nyeupe kali tunazozifunga ukutani, barabarani na kwenye kumbi, tunazielekeza angani na madirishani mwa watu, kisha tunaziita maendeleo.

Usiku wa hina

Mwaka jana, wiki tatu baada ya Iddi ya kuchinja, nilipanda kivuko hapa Kisorya nikavuka kwenda Rugezi, gauni la bi harusi nimelibeba mikononi kama mtoto mchanga. Nilikuwa napeleka gauni Ukerewe na kumvalisha mwenyewe, kwa sababu lesi ile isingemsamehe mtu wa kuivutavuta.

Baada ya Isha tukakusanyika uani kwa ajili ya hina. Ua umezungushiwa ukuta, geti limefungwa, wanaume wameshaondoka. Mitandio ikavuliwa, nywele zikafumuliwa, bi harusi akakaa mkekani na kanga kifuani, kanyoosha miguu apakwe.

Mara duka la jirani likawasha taa. Si taa ya mlangoni. Ni ile bapa, nyeupe, imefungwa juu ya paa na haikuelekezwa kwenye mlango wa duka wala kufuli lake. Ilitazama mbele, ikapita juu ya ukuta wetu na kutua miguuni pa bi harusi. Ua mzima ukawa mchana. Ng'ambo ya barabara kuna ghorofa linajengwa, na vijana walikuwa wamekaa juu wanapunga upepo. Gizani wasingeona kitu. Sasa sisi ndio tulikuwa jukwaani.

Mama mmoja aliruka kama kamwagiwa maji ya moto, akitafuta mtandio wake. Nikatoa sindano, nikaunganisha kanga nane kwa mkono, tukazitundika kwenye kamba ya nguo. Bi harusi wa watu akapakwa hina nyuma ya pazia kama mgonjwa wodini.

Wakanituma mimi, mgeni mwenye mdomo, nikamwombe mwenye duka azime kwa saa mbili tu. Hakunitukana. Alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, mwanga umekosa nini? Si unawasaidia na nyinyi?"

Nimelala na sentensi hiyo mwaka mzima. Haya mnayosoma ndiyo jibu langu.

Lakini usiku ule haukuishia hapo. Saa nne umeme ukakatika. Kwa mara ya kwanza maishani niliona wanawake wakishangilia umeme kukatika. Kanga zikashushwa. Bi harusi, mwanamwali wa miaka 22, akainua uso, akaona utepe mweupe umekata anga toka upande hadi upande, akaniuliza: "Dada, wale si wadudu wa ziwani?"

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunawajua wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi. Bibi yake akacheka hadi akakohoa. "Hizo ni nyota, mjukuu wangu. Nyota nyingi mpaka zimekuwa maziwa." Akamwonyesha Nge na mkia wake uliojikunja, akamwambia Kilimia atakiona akiamka kabla ya alfajiri. Binti alizaliwa kisiwani, akakulia kisiwani, na alikuwa hajawahi kuonyeshwa.

Sipingi umeme

Niseme mapema, nisije nikaandikiwa nisichosema. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nimesoma sekondari kwa koroboi, asubuhi napenga masizi meusi puani. Nilipomaliza kozi ya ushonaji nilianza na cherehani ya mguu, na gauni moja la harusi lilinila wiki mbili. Umeme ulipofika ndipo nilipopata cherehani ya umeme na pasi isiyotaka mkaa. Umeme ndio unaosomesha watoto wangu. Mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku, nataka taa iwake zahanati, iwake njiani, iwake gatini.

Ninachopinga ni taa iliyoelekezwa pasipo na kazi. Ukimwaga maji ndoo nzima ili unywe kikombe kimoja, watu watasema una wazimu. Taa inayomwaga mwanga angani ina tofauti gani?

Wavuvi wetu wa dagaa wanalielewa hili kuliko mafundi umeme. Usiku wa giza, ukisimama mwaloni unaziona taa zao ziwani zimejipanga kama mji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Lakini mwezi ukishapevuka, mitumbwi inavutwa nchi kavu na watu wanashona nyavu, maana maji yote yana mwanga na dagaa hawaifuati taa. Marehemu baba alikuwa akisema taa ina bei kwa sababu kuna giza. Ukilimaliza giza, umeifilisi na taa.

Usiku ni vazi

Mimi ni fundi nguo, kwa hiyo kuna mahali kwenye Qur'ani nikifika moyo unasimama. Katika Surat An-Naba Mola wetu anatukumbusha kwamba ameufanya usiku kuwa vazi. Hakutaja ukuta wala shimo la kuogopwa. Ametaja vazi, kitu kinachositiri, kinachopoza, kinachompa mtu heshima yake.

Sasa niambie, dada, vazi la mwenzako ukilitoboa unamwambia "nakusaidia"?

Tunahangaika na sitara. Unaniletea kitambaa unakiinua dirishani uone kama kinaonyesha mwili. Unaniambia niweke bitana mara mbili. Halafu unarudi nyumbani, na uani kwako, mahali pekee unapovua mtandio ukapumua, pana taa ya mtu mwingine inakuangaza hadi kwenye karo la kuoshea vyombo. Usiku mzima huna vazi, na hakuna anayeliona kuwa kosa.

Dini yetu imefundisha kubisha hodi, na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alieleza sababu: ruhusa imewekwa kwa ajili ya macho, mtu asione ndani kwa watu kabla ya kukaribishwa. Mgeni anapiga hodi. Fundi wa maji anapiga hodi. Hata mwenye deni lako anapiga hodi. Taa haipigi. Inaingia, inakaa mpaka asubuhi, na macho ya wapita njia inayaingiza pamoja nayo.

Tena mafunzo ya kuzima taa wakati wa kulala si mageni kwetu. Yamo katika hadithi sahihi, kwa kuogopa panya asije akaburuta utambi akachoma nyumba. Leo utambi hakuna. Lakini madaktari wanatuambia mwanga wa usiku unapunguza ile homoni inayomwandaa mtu kulala, na mwanga mweupe wenye ubluu ndio mbaya zaidi. Mtoto wako analia saa saba unadhani ni jicho la mtu. Angalia kwanza dirisha.

Majina ya nyota

Hebu jihesabuni mnaosoma hapa. Akina Zuhura mko wangapi? Akina Najma? Thuraya? Suhaila? Najma ni nyota. Thuraya ni kile Kilimia cha wakulima wetu, nyota zilizosongamana kama kishada. Suhaila limetokana na Suhayl, nyota ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku. Zuhura angalau ana bahati, anaonekana hata mjini. Wenzake wanapotea. Tunawapa mabinti zetu majina ya nyota, kisha tunawafungia taa wasizione.

Wala huu si mchezo wa Wazungu wenye darubini. Mwaka 964 Abdurrahman as-Sufi, huko Uajemi, aliandika kitabu cha nyota zisizohama, na ndani yake akataja kawingu kadogo angani. Leo tunajua kawingu hako ni mkusanyiko mwingine mkubwa wa nyota, mbali mno na huu wetu, na bado kanaonekana kwa macho matupu upande wa kaskazini jioni za Novemba kama pana giza. Katika karne hiyohiyo, Halab nchini Sham, alikuwepo mwanamke anayejulikana kwa jina la al-Ijliyya, fundi wa asturulabi, chombo cha kupimia nyota na nyakati. Mwanamke fundi! Nikimsoma najiona, ingawa yeye alipima mbingu na mimi napima viuno.

Hata majina ambayo dunia nzima inayatumia ni yetu. Aldebaran ni ad-dabaran, yaani mfuataji, kwa sababu inaifuata Thuraya. Rigel ni rijl, mguu.

Na ibada zetu zimefungwa kwenye anga. Ibn Abbas alipolala kwa mama yake mdogo, Bibi Maymuna, alimwona Mtume akiamka sehemu ya mwisho ya usiku, akakaa, akatazama mbinguni, akasoma aya za mwisho za Aal Imran. Kwanza alitazama. Sisi tukiamka tahajjud tunatazama nini? Bomba la taa.

Na alfajiri je? Aya ya 187 ya Al-Baqara imetupa kipimo cha fundi nguo, uzi mweupe na uzi mweusi. Sahaba Adiyy bin Hatim aliweka nyuzi kweli chini ya mto wake, akawa anazichungulia, hadi Mtume alipomweleza kwamba ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Na wanazuoni wakatufundisha kutofautisha alfajiri ya uongo, inayosimama juu kama mkia, na ya kweli, inayotandaa upana wa upeo. Hiyo ya uongo ni mwanga hafifu sana. Nendeni mkaitafute mahali penye taa nyeupe kila nguzo. Uzi mweusi umechuja rangi, na nguo iliyochuja mimi siipokei.

Kasi yake inatisha

Mwaka 2016 wanasayansi walitoa ramani ya dunia ya mwanga wa usiku. Zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na theluthi moja hawawezi tena kuuona ule utepe mweupe wa nyota. Singapore watu wote wanaishi chini ya anga angavu kiasi kwamba jicho halifikii kuzoea giza. Waliosalimika zaidi wako Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska.

Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine, uliotumia macho ya watu wa kawaida waliohesabu nyota kuanzia 2011 hadi 2022. Anga linazidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Maana yake, mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 atakuwa anaziona kama 100 tu. Huo ni umri wa mtoto mmoja kukua hadi kuitwa bi harusi.

Na wenzetu wameshashtuka. Ufaransa tangu 2013 ina kanuni ya kuzima taa za madirisha ya maduka ifikapo saa saba usiku. Namibia wana hifadhi ya anga la giza inayotambuliwa kimataifa tangu 2012, NamibRand. Saudi Arabia mwaka 2024 maeneo ya AlUla yakapata hadhi kama hiyo. Hapa kwetu mkoa wa Mara, wageni wanavuka bahari kuja Serengeti, na wakishamaliza simba wanalala chali kambini wanatazama nyota, tena kwa dola. Sisi tunaokaa pembeni yake tulikuwa nazo bure uani, tunazifukuza kwa bili yetu wenyewe.

Najua mtakachosema

Mtasema, usalama. Nakubali, mwanamke anayetoka mnadani usiku anahitaji taa. Lakini taa kali inayokupiga usoni inakupofusha, na mwizi anasimama palepale nyuma yake humwoni. Taa iliyoinamishwa inakuonyesha njia na aliyesimama njiani. Uingereza na Wales mwaka 2015 walichunguza halmashauri 62 zilizopunguza au kuzima baadhi ya taa za barabarani, hawakukuta ushahidi kwamba uhalifu au ajali zimeongezeka. Sisemi Kisorya ni Uingereza. Nasema wingi wa mwanga na usalama si kitu kimoja.

Mtasema, giza ni la wanga. Haya. Basi kinga yake mnaijua, Ayatul Kursiyy, si taa ya wati 100. Na mimi sasa hivi mwanga anayenitoa usingizini ni huyu wa kwenye soketi.

Mtasema, giza ni ushamba. Hili ndilo linaloniuma. Tumefundishwa kwamba nyumba yenye heshima ni ile inayoonekana kutoka kivukoni. Heshima ya nyumba tangu lini ikawa kuonekana?

Taa yangu mwenyewe

Sasa ngoja nijivue nguo mbele yenu, maana sitaki kusema watu nikajiacha.

Niliporudi kutoka Ukerewe nikiwa nimefura, nilifika Kisorya usiku. Nikaiona kwa mbali taa moja inawaka kuliko zote. Nyeupe, bapa, juu ya paa. Ilikuwa ya kibanda changu cha kushonea. Nilimlipa fundi mwenyewe, nikamwambia, "Iweke juu ionekane."

Nikatembea nikaenda kusimama inapoangukia. Inaangukia uani kwa mama jirani yangu. Mama yule alikuwa ndani ya eda. Mumewe amefariki, yumo ndani ya nyumba yake anatimiza miezi minne na siku kumi, na saa pekee ya kukaa uani akapata upepo ni usiku. Mimi ndiye niliyemshonea nguo zake za eda, na mimi ndiye niliyemwangazia nyuzi kwa nyuzi.

Nilimwendea asubuhi. Nilipiga hodi, safari hii. Akaniambia, "Nilinyamaza, mwanangu. Nilijua unalinda mali yako."

Sikuwa na la kujibu. Mwenye duka wa Ukerewe na mimi ni mtu mmoja.

Siku hiyohiyo fundi bati alinikatia kofia ya bati kwa shilingi elfu saba, tukaishusha taa hadi usawa wa mlango, ikatazama chini. Nikaweka balbu ndogo ya njano. Kufuli linaonekana vizuri kuliko mwanzo. Na hesabu ya biashara niliyotakiwa kuipiga zamani: wati 100 kwa saa 12 ni uniti 1.2 kila usiku, uniti 36 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei unayonunulia. Nilikuwa nalipa kumdhuru jirani.

Usiku ule mama akatoa mkeka. Nami nikatoa wangu upande wa kwangu, nikamlaza binti yangu kifuani. Kabla ya hapo tulihesabu nyota 23 tukachoka kutafuta. Usiku ule tulipofika 100 akasinzia, akaniachia hesabu.

Bi harusi mtarajiwa, hili ni lako

Harusi zetu nazo zina lawama. Siku hizi bila taa ya kuzunguka angani harusi inaonekana haikufana. Kabla hujalipa ukumbi, zingatia haya:

1. Mwambie mpambaji kwamba taa zote zitazame chini au zimulike meza na jukwaa. Za kurusha angani usizilipie. Hakuna mgeni wako aliyekaa huko.

2. Omba taa za njano. Kwenye boksi tafuta 3000K au chini ya hapo. Na kwa taarifa yako, satini ya maziwa na hina vinapendeza kwenye njano. Nyeupe kali inalifanya gauni langu lionekane la plastiki na uso wako wa majivu.

3. Weka saa ya kuzima. Sherehe ikiisha, taa ziishe. Si mpaka adhana ya alfajiri.

4. Usiku wa hina, siku moja kabla, tuma sahani ya pilau kwa jirani mwenye taa, umwombe kwa heshima azime au aigeuze. Sahani inafungua masikio kuliko mdomo wangu.

5. Ukihamia kwako, kabla ya mapazia na zulia, simama nje usiku uone taa yako inaangukia wapi. Ikianguka kwa jirani, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mwenye nyumba.

6. Ndani ya fungate, mwombe mumeo usiku mmoja tu mzime kila kitu, mtandike mkeka uani. Aya ileile ya nyuzi mbili ndiyo iliyotuambia mume na mke ni vazi la kila mmoja kwa mwenzake. Kaeni wawili mliovaana, chini ya vazi la tatu alilolishona Mola mwenyewe, mtazame juu.

Na mwenye duka wangu wa Ukerewe, kama mkeo anakusomea haya: mwanga haujakosa kitu, kaka. Umekosa adabu ya kupiga hodi. Iinamishe taa yako. Kofia ya bati nitakuletea mimi, kivuko cha asubuhi, bila malipo.

Allah atusitiri duniani na akhera, awanyooshee maharusi wote njia zao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.